Macalder Haikuwa Dhahabu Tupu

Ukifika Nyatike, Kaunti ya Migori, utaambiwa Macalder ulikuwa mgodi wa dhahabu, basi. Sivyo. Mgodi ule wa chini ya ardhi ulipofungwa mwaka 1966 ulikuwa ukitoa shaba, na mwamba wake una zinki na fedha pia.

Mbona vyote pamoja? Zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita, pale palikuwa sakafu ya bahari yenye volkano. Maji ya moto yalipita kwenye nyufa yakibeba metali. Yalipokutana na maji baridi, metali ziliungana na salfa zikatuama. Baadaye sana mvua na hewa viliozesha sehemu ya juu, shaba ikachukuliwa na maji, dhahabu ikasalia kwenye mwamba wenye kutu. Hiyo ndiyo iliyochimbwa kwanza, miaka ya 1930, na sifa ikabaki.

Chini zaidi, mwamba lazima usagwe uwe unga, kisha ukorogwe kwenye povu ili chembe za shaba zielee. Karai na zebaki za mchimbaji mdogo wa dhahabu havifui dafu hapo. Na lile jiwe la manjano unalouziwa kwa kunong'onezwa? Ligonge. Dhahabu hubonyea; pairaiti, jiwe linalofanana nayo lakini ni chuma na salfa tu, hupasuka.