Tumbawe jeupe si lazima liwe limekufa
Wengi pwani huamini kuwa tumbawe likigeuka jeupe limeshakufa, hivyo kulikanyaga si hasara. Weupe huo ni mifupa ya chokaa inayoonekana kupitia nyama angavu ya tumbawe, kwani tumbawe ni mnyama. Maji yakizidi joto la kawaida la kaskazi kwa nyuzi 1 hivi, wiki kadhaa mfululizo, tumbawe huutoa mwani mdogo mno unaolilisha na kulipa rangi. Lina njaa, lakini li hai. Maji yakipoa mapema laweza kupona.

Vaa miwani ya kuzamia, tazama bila kugusa. Minyiri yake, yaani vijikono vya kunasia chakula, mara nyingi hujificha mchana, basi chunguza uso: la hai ni safi, lililokufa hufunikwa na utando wa kijani au kahawia baada ya wiki chache. Hilo nalo lisivunjwe, kwani matumbawe machanga hujishikiza juu yake.