strncpy haikuwahi kuwa strcpy salama

Wiki hii nimeisikia tena, safari hii kwa kijana mwenye bidii tunayefanya naye kazi Ntinda: "Mwalimu, usiwe na wasiwasi, kila mahali nimeweka strncpy, ile salama." Zote mbili, strcpy na strncpy, ni funksheni za lugha ya C za kunakili maandishi; strncpy hupewa pia idadi n ya baiti. Nimeichoka sentensi hiyo. Kila inaposemwa, kuna mtu atakesha akitafuta hitilafu ambayo kompaila haikumwonyesha.

Programu yenyewe ni ya chama cha akiba na mikopo. Miaka yote imeishi kwenye Windows, sasa inahamia seva ya Linux. Ndani yake kuna rekodi ya mwanachama yenye `char tawi[8]` (nafasi ya baiti 8 ya jina la tawi), ikifuatiwa papo hapo na `char simu[16]`. Msimbo wa zamani uliita `strncpy_s` pamoja na `_TRUNCATE`. Maktaba ya C ya Linux (glibc) haina `strncpy_s`, basi kijana akaandika makro ya mstari mmoja inayoigeuza kuwa `strncpy`, akapanga upya vigezo (kwenye Windows ukubwa wa bafa, yaani nafasi ya kupokea, hutangulia chanzo), kompaila ikanyamaza.

Tawi la Bukoto likachapika sawa. Muyenga sawa. Nakasero ikatoka imegandana na `+256` na namba yote ya simu ya mwanachama, ndani ya safu ya tawi. Kamwokya vilevile.

Hesabu herufi. Muyenga ni 7, baiti ya nane inabaki kwa ajili ya sifuri ya mwisho, inayoiambia C kwamba maandishi yameishia hapo. Nakasero ni 8. `strncpy` imejaza nafasi zote nane ikaondoka bila kuweka sifuri, na `printf`, ile inayochapisha, ikaendelea kusoma hadi ilipoikuta sifuri ya simu. Kule Windows, `_TRUNCATE` ilikuwa ikikata jina na kuacha "Nakaser" yenye sifuri yake. Risiti zimeandikwa "Nakaser" miaka yote na hakuna aliyelalamika! Bila `_TRUNCATE`, `strncpy_s` ingekuta bafa ni ndogo na, kwa mpangilio wa kawaida, kuisimamisha programu nzima. Kwa hiyo majina mawili yanayofanana yanaficha tabia tatu, na anayehamisha msimbo anapaswa kuhamisha tabia.

`strncpy` haina kosa. Ilitengenezewa kazi nyingine. Unix ya zamani iliweka kila faili kwenye saraka kwa baiti 16: mbili za namba ya inodi (kitambulisho cha faili), 14 za jina. Jina fupi lilijazwa sifuri hadi mwisho, na jina la herufi 14 kamili halikuhitaji sifuri, kwa sababu kila msomaji alijua upana wa nafasi. Hiyo ndiyo kazi yake. Ndiyo maana pia ukiipa bafa ya baiti 4096 na neno "Bukoto", inaandika sifuri 4090. Herufi n katika jina lake ni upana wa nafasi. Watu wanaisoma kama kinga.

Kijana akauliza, "Basi niweke strlcpy?" Swali zuri. Ilitoka kwenye mfumo wa OpenBSD mwaka 1998, inaweka sifuri daima mradi ukubwa si sifuri, na inakurudishia urefu wa chanzo ili ujue kama jina limekatwa. Lakini glibc iliikataa miaka mingi, ikaipokea katika toleo 2.38 mwaka 2023. Seva yenye toleo la nyuma ya hapo itagoma kuunganisha. Na kwa kuwa inapima chanzo chote, chanzo kisicho na sifuri kitaipeleka nje ya mipaka.

Mimi hutumia `snprintf` yenye `"%s"` na kuangalia thamani inayorudi. Windows nayo inaifuata C99, kiwango cha lugha ya C cha mwaka 1999, tangu Visual Studio 2015. `_snprintf` ya kale iache, nayo husahau sifuri.

Hata hivyo kuna jambo linaloninyima utulivu. Zote hizi zinahesabu baiti. "Eŋŋoma" ina herufi 6 kama Bukoto, ila katika UTF-8, mfumo wa kuandika herufi kwa baiti, kila ŋ ni baiti mbili, jumla 8, kwa hiyo haiingii kwenye `tawi[8]` pamoja na sifuri yake. Ukikata baada ya baiti ya nne, ŋ ya pili inabaki nusu, `0xC5` peke yake, na hifadhidata inayokagua UTF-8 inaikataa rekodi. Nimeandika kitanzi cha kurudi nyuma hadi mwanzo wa herufi, nacho hakitoshi kwa alama za toni zinazoandikwa kama herufi ya pili inayopanda juu ya ya kwanza. Sina jibu linaloniridhisha.

Kwa hiyo sikati tena. Tawi sasa lina baiti 64, na jina lisiloingia linarudishwa kwa karani likiwa na ujumbe wa kosa. Makro ile tumeifuta, na sehemu 41 za msimbo zilizoitegemea tunazisoma mkono kwa mkono na kijana yule, moja baada ya nyingine.