Lori na bodaboda zikigongana, fosi ni ileile

Juzi nimeisikia tena, kijiweni pale Sakina nikisubiri boda ya kuniwahisha tuisheni. Dogo mmoja anasimulia ajali, anasema "lori limempiga kwa nguvu zote, yeye kaligusa tu, si unaona halina hata mkwaruzo". Wenzake wote wakaitikia. Na wanafunzi wangu wa form two wako hivyohivyo, sheria ya tatu ya Newton wameiandika kwa wino mwekundu, ila ukiwaletea lori barabarani sheria inabaki kwenye daftari.

Hapana jamani. Sheria hiyo inasema hivi: lori linaipiga boda kwa fosi fulani, na boda inalipiga lori kwa fosi hiyohiyo, wakati huohuo. Haijalishi nani mkubwa, nani alikuwa anakimbia, nani kasimama.

Kinachotuponza naona ni hili neno nguvu. Kwetu kila kitu ni nguvu, msuli ni nguvu, umeme una nguvu, dawa ina nguvu, ukiumia sana umepigwa kwa nguvu. Vitabu vina kani (ndo hiyo fosi) na nishati lakini nani anasema kani kijiweni? Kwa hiyo mtu akiona kimoja kimeharibika sana anajua hicho ndo kimepigwa sana. Uharibifu sio fosi! Nenda kwa muuza chipsi, mwangalie anavyopasua yai kwenye ukingo wa bakuli, ka, ganda limefunguka, ute unashuka, bakuli liko vilevile. Bakuli limepokea kipigo kilekile cha yai, tofauti ni kwamba lenyewe ni chuma na mwenzake ni ganda.

Namba sasa. Lori na mzigo wake kilo 20,000, boda na dereva kilo 200, kila mmoja anakwenda mita 15 kwa sekunde (hiyo ni 54 kwenye dashibodi), wanavaana uso kwa uso pale Kikatiti. Momentamu, yaani masi (zile kilo) mara kasi, ya lori ni 300,000, ya boda hasi 3,000 maana inakuja upande wa pili, jumla 297,000. Tuseme zimenasa pamoja, gawa kwa 20,200, unapata 14.7 (ukiikokotoa vizuri 14.703). Lori limetoka 15 likaenda 14.7, limepoteza kama kilomita moja kwa saa, dereva anaweza kudhani kakanyaga shimo. Boda imetoka 15 ya huku ikaenda 14.7 ya kule, badiliko ni 29.7. Zidisha sasa kila mmoja na masi yake: 20,000 mara 0.297 ni 5,940, na 200 mara 29.7 ni 5,940. Mgongano ukichukua sehemu ya kumi ya sekunde, gawa hiyo 5,940 kwa muda huo, fosi ni niutoni 59,400 kwa wote wawili, karibu uzito wa tani sita.

Ila hapo kwenye "zimenasa" huwa sina amani hata nikiwa ubaoni. Dereva hajagundishwa kwenye pikipiki, pikipiki ikikwama yeye anaendelea na 15 yake mpaka akutane na kitu, kwa hiyo zile kilo 200 sio kitu kimoja, na ule muda nimeuchagua mimi ili hesabu itoke vizuri. Kwa hiyo 59,400 usiishike sana. Usawa ndo uushike, maana hata ukiivunja ajali vipande mia, kila kipande kina jozi yake ya fosi zinazolingana.

Nikawaeleza haya palepale, yule dogo akaniuliza, "Sasa ticha, kama ni sawa mbona mimi ndo nakufa?" Swali zuri kuliko yote niliyoulizwa mwaka huu. Kwa sababu fosi hiyo ikiangukia kilo 20,000 inazitikisa, ikiangukia kilo zako inazirusha, na kichwa chako lazima kisimame, kiwe kwenye lami au kwenye bodi la lori. Kikisimama ghafla fosi inakuwa kubwa, ukikiongezea muda mara tano fosi inashuka mpaka moja ya tano, na muda huo unatoka kwenye helmeti. Sio ile sponji laini, hiyo ni ya kukaa vizuri kichwani tu. Ni ile nyeupe ngumu nyuma yake, kama inayokuja kwenye boksi la tivii, hiyo ndo inabonyea kwa niaba ya fuvu, na ikishabonyea mara moja hairudi.

Yake ilikuwa imening'inia kwenye saiti mira. Nikaichukua nikaingiza kidole ndani, nikakuta sponji, halafu plastiki.