Mabaki ya umakini: kinachobaki kichwani ukishaweka simu chini

Mabaki ya umakini ni ile sehemu ya akili inayoendelea kuhangaika na jambo uliloliacha, ilhali mikono imeshahamia kwenye jingine. Dhana hii iliwekwa wazi na mtafiti Sophie Leroy mwaka 2009: majaribio yake yalionyesha kwamba anayeiacha kazi haijaisha huifanya vibaya ile anayohamia.

Kwa hiyo hasara ya simu haipimwi kwa muda ulioitazama. Ujumbe wa "Nipigie ukipata nafasi" husomwa mara moja tu, lakini umeshafungua shauri usiloweza kulifunga papo hapo. Kuna nini? Nani anaumwa? Anataka pesa? Ndiyo maana kuchungulia bila kujibu kunadhuru kuliko watu wanavyodhani.

Athari hujitokeza zaidi kwenye kuamua. Kuchagua kwa busara kunadai mambo kadhaa yakae kichwani kwa pamoja, na nafasi yenyewe ni finyu. Makadirio yanayotumika sana ni mambo manne hivi. Chukua mtu anayelinganisha mikopo miwili ya shilingi 10,000, ya kulipwa baada ya mwezi mmoja. Wa simu una ada ya asilimia 8, yaani shilingi 800. Wa sacco una riba ya asilimia 1, yaani shilingi 100, ila unataka wadhamini na kusubiri. Arifa zikimkatiza katikati ya hesabu, ada na adhabu ya kuchelewa humtoka upesi, kwa sababu ni vitu vya kufikiriwa. Pesa inayoingia sasa hivi haihitaji kufikiriwa. Anabonyeza "kubali".

Anayejisomea naye huumia hivyo hivyo: kila akirudi huanza aya upya, na sehemu ngumu, ambazo ndizo zingemkuza, huishia kuzirukaruka.

Ukilazimika kukatiza kazi, andika kwanza mstari mmoja: nimefika wapi, nikirudi naanza na nini. Leroy na Theresa Glomb walilijaribu hilo katika utafiti wa 2018, na mabaki yakapungua. Arifa usizizime zote. Katika jaribio lililochapishwa 2019, waliozima kabisa walizidi kuwa na wasiwasi, ila waliozipokea kwa mafungu mara tatu kwa siku walitulia. Acha simu za kupigiwa ziingie. Ujumbe usome, tuseme, saa 4 asubuhi, saa 8 mchana na saa 12 jioni, ukiwa na muda wa kujibu na kumaliza. Hesabu za mkopo ziandike kwenye karatasi, simu ikiwa chumba kingine.