Saint-Émilion: mji uliochimbwa kabla ya kujengwa

Kazi yangu ni kuhifadhi majengo ya kale ya mawe na chokaa, na miaka mingi nimeipitisha Mji Mkongwe wa Zanzibar nikigonga kuta kwa kifundo cha kidole ili nisikie kama lipu imeachana na jiwe. Niliposema nyumbani kwamba ninakwenda Saint-Émilion, mji mdogo ulio katikati ya mashamba ya mizabibu mashariki ya Bordeaux, nilichekwa, kwa sababu mimi si mnywaji na mji ule hutajwa duniani kote kwa mvinyo wake. Mimi nilifuata mnara mzito wa mawe uliosimama juu ya uvungu, na nimerudi nikiamini kwamba mgeni anayeuzuru mji ule bila kuanzia chini ya ardhi huwa ameliona paa na hakuiona nyumba.

Kufika hakuna shida. Treni ya kutoka Bordeaux huchukua zaidi kidogo ya nusu saa, kisha hubaki mwendo wa dakika ishirini hivi kwa miguu kati ya mizabibu iliyopandwa hadi ukingoni mwa barabara. Shida ilinianzia ndani ya mji. Saint-Émilion imekaa kwenye ukingo wa uwanda wa jiwe la chokaa, sehemu yake moja ikiwa juu na nyingine chini bondeni, na vichochoro vinavyounganisha sehemu hizo mbili, ambavyo wenyeji huviita tertres, vina mteremko mkali na vimetandazwa mawe ya mviringo yanayoteleza hata pasipo mvua. Inasimuliwa kuwa mengi ya mawe hayo yalitoka Uingereza yakiwa farumi, yaani mzigo wa kutuliza chombo, ya majahazi yaliyokuja kuchukua mvinyo. Sina ushahidi wa kuyatofautisha na mawe mengine, lakini ninaweza kushuhudia kwamba yalilikata gurudumu la sanduku langu kabla sijafika nusu ya njia, nami nikalibeba begani kama mchukuzi wa bandarini.

Jiwe lenyewe lilinifanya nisahau bega. Ni chokaa laini ya rangi ya samli, iliyojengeka baharini zaidi ya miaka milioni 30 iliyopita, na wanajiolojia wameipa jina la viti vya pweza, wale viumbe wa baharini wenye umbo la nyota, kwa sababu vipande vyao vidogo vimo ndani yake. Mtu wa pwani yetu, aliyezaliwa katika nyumba ya mawe ya matumbawe, hujisikia hapo kama aliyekutana na jamaa wa mbali, kwa kuwa mawe yote mawili ni mabaki ya uhai wa bahari. Tofauti kubwa ni katika uchimbaji wake. Matumbawe yetu hutoka vipande vipande visivyo na umbo, ndiyo maana tunayazika ndani ya chokaa nyingi, ilhali jiwe la Saint-Émilion hukatwa likiwa bado na unyevu wa ardhini, likakubali msumeno bila ubishi, na likishapigwa na hewa hukauka na kuwa gumu. Kwa karne nyingi watu walilikata hivyo chini ya mji na pembezoni mwake, wakaacha nguzo za mwamba kushikilia dari, na jiwe lililotoka likajenga nyumba za Saint-Émilion na baadaye sehemu kubwa ya Bordeaux. Ukiona ukuta mrefu mjini, ujue kuna shimo la kiasi hicho hicho mahali fulani chini.

Hata asili ya mji ni pango. Émilion alikuwa mtawa kutoka Vannes, Brittany, aliyekuja kujitenga hapa katika karne ya 8 na kufariki mwaka 767. Hadithi yake mashuhuri ni ya mikate aliyokuwa akiwapelekea maskini kwa siri: bwana aliyekuwa akimtumikia kabla ya kujitenga alipomuuliza kilichofichwa ndani ya joho, akajibu ni kuni, na joho lilipofunuliwa kweli zikaonekana kuni. Pango analosemekana kuishi bado lipo, lenye chemchemi na kiti kilichochongwa ukutani, ambacho wanawake wanaotamani mtoto huja kukikalia hadi leo. Huingii peke yako. Lazima ukate tiketi katika ofisi ya utalii na kuongozana na mwongozaji, na ziara hiyo hiyo hupitia kanisa dogo la Utatu lenye michoro ya ukutani, kisha makaburi ya chini ya ardhi, kabla ya kufika katika kanisa kubwa.

Hapo ndipo mtu wa fani yangu hunyamaza. Kanisa hilo, lililoanzwa mwishoni mwa karne ya 11, halikujengwa. Lilichongwa lote ndani ya mwamba mmoja, urefu wake mita 38 na kimo chake mita 12 hivi. Mwashi hupanda kutoka msingi kwenda juu, na akikosea hubomoa kozi moja ya mawe akairudia. Mchongaji wa mwamba huanza na dari na kushuka, akiiacha nguzo iliyokwisha kuamuliwa tangu pigo la kwanza, wala hana namna ya kulirudisha jiwe alilokwisha kuliondoa. Nguzo za hapo ni nene, za pembe nne, hazina madaha, na pembe zake haziko sawasawa. Niliposogeza uso karibu niliona michirizi ya sururu imelala upande mmoja, mwelekeo wa mtu aliyetumia mkono wa kulia, na kwenye nguzo moja michirizi inageuka ghafla kana kwamba zamu ilibadilika.

Kisha vizazi vilivyofuata vikafanya jambo ambalo mhandisi wa leo asingelitia saini. Juu kabisa ya kanisa hilo, usawa wa sehemu ya juu ya mji, walisimamisha mnara wa kengele, wakauongeza kwa awamu kuanzia karne ya 12 hadi ya 15, mpaka ukafikia mita 68 na uzito unaokadiriwa kuwa tani 4,500. Mzigo huo wote unatua juu ya nguzo za jiwe laini. Jiwe la namna hii likiwa kavu hubeba mengi, lakini likinywa maji hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake, na maji ya mvua yalikuwa yakipenya kutoka juu huku unyevu wa ardhini ukipanda kutoka chini. Katika miaka ya 1990 nguzo zilizo chini ya mnara zilifungwa mikanda mizito ya chuma, nayo bado ipo. Wageni wengi huinung'unikia kuwa inaharibu sura ya kanisa. Mimi naiona ni uamuzi wa heshima: imewekwa wazi, haijifanyi kuwa jiwe, na inaweza kuondolewa. Ingekuwa rahisi zaidi kupiga saruji, kosa ambalo nimelifukua mara nyingi Zanzibar, kwa kuwa saruji huyafungia maji ndani na kuuozesha ukuta uliokusudiwa kusaidiwa.

Mvinyo nao, kwa macho yangu, ni habari ya jiwe hilo hilo. Mwaka 1199, wakati Aquitaine ikiwa chini ya taji la Uingereza, Mfalme John aliwapa wakuu wa mji hati ya kujitawala, na baraza lao, Jurade, likawa na mamlaka pia ya kusimamia ubora wa mvinyo. Mapinduzi ya Ufaransa yalilifuta; likafufuliwa mwaka 1948 kama chama cha heshima, na kila Septemba wanachama wake hupanda Mnara wa Mfalme, mnara mwingine wa mji huo, wakiwa na majoho mekundu kutangaza mavuno. Pale uwandani, udongo ni mwembamba na mizizi ya mizabibu, hasa ya Merlot na Cabernet Franc, huingia katika nyufa za mwamba unaonyonya maji wakati wa mvua na kuyarudisha kidogo kidogo wakati wa kiangazi. Machimbo yaliyoachwa yakawa maghala: katika shamba la Clos Fourtet, lililo hatua chache tu nje ya mji, mizabibu iko juu na mapipa yako chini katika mapango yenye ubaridi usiobadilika mwaka mzima, bila mashine yoyote. Ndiyo maana mwaka 1999 UNESCO iliposajili mji pamoja na mashamba yanayouzunguka, ikawa mara ya kwanza kwa mandhari ya mizabibu kuingia katika Urithi wa Dunia. Mji Mkongwe ulifuata mwaka mmoja baadaye. Kuhusu orodha ya mwaka 1955 inayoyapanga mashamba ya mvinyo kwa madaraja ya ubora, na kesi ambazo imezua, nawaachia wanywaji.

Hata kwa wakimbizi wa siasa uvungu ule ulikuwa na manufaa. Mwaka 1793 wakati wa Mapinduzi, wabunge kadhaa wa Girondin, kundi la kisiasa lililokuwa limeshindwa, waliokuwa wakisakwa na serikali ya Paris, walifichwa katika pango lililoingiwa kupitia kisima cha nyumba moja mjini. Karibu wote waliangamia mwaka uliofuata.

Kwa asiyekunywa, kuna makaroni (biskuti, si tambi), ambayo asili yake inanasibishwa na masista wa Ursula waliofika mwaka 1620: lozi, sukari na ute wa yai tu, bila rangi wala krimu, na huuzwa yakiwa bado yamegandia karatasi yaliyookewa. Nilinunua boksi moja, nikaacha kitambulisho changu katika ofisi ya utalii, nikapewa ufunguo wa mnara wa kengele. Ngazi ni 196. Nilipofika juu nilikuta familia moja imeegemea ukingo ikipiga picha mashamba, nao wakanipisha kwa adabu nisimame katikati. Nilibaki karibu na mlango, nikila makaroni, nikiwahesabu kimoyomoyo: watu sita pamoja nami, tani 4,500, na chini ya hapo, gizani, ile mikanda ya chuma.