Nyimbo za mapenzi za Brazili: sio zote ni mahaba, nyingine ni kung'ang'ania tu

Dhana: mapenzi ya Kibrazili ni bossa nova, gita la polepole, ufukwe, watu wamependeza.

Ukweli: hiyo ni kona moja tu jamani. Kuna ukoo mzima wa nyimbo za kulia, zamani waliziita dor de cotovelo, maumivu ya kiwiko, yaani mtu kaegemea kaunta ya baa mpaka viwiko vinauma na glasi iko mbele yake. Mtunzi Lupicínio Rodrigues wa mji wa Porto Alegre (1914–1974) ndo baba lao. Siku hizi neno ni sofrência, wamelichanganya toka sofrimento, mateso, na carência, ile njaa ya kupendwa. Neno limeungama lenyewe.

Dhana: wanaolialia ni wanawake.

Ukweli: thubutu. Chukua wimbo wa Evidências, ndugu wawili Chitãozinho & Xororó waliirekodi 1990 na mpaka leo kwenye karaoke ikianza hakuna anayebaki kimya. Jamaa anaanza eti nikisema sikupendi tena ujue ndo nakupenda, anajificha weee, anaogopa kukiri kwamba yuko mikononi mwa mtu, alafu ghafla anabwaga manyanga anasema basi uongo umetosha nataka busu lako, na bado haishii hapo, anaanza kumbembeleza mwenzie aseme ni kweli amemmiss, aseme bado anamuwaza. Sasa huo ndo utegemezi wenyewe, busu halimtoshi mpaka aambiwe. Na ukumbi mzima unaimba kwa raha zote!

Dhana: mwanamke akiimba uvumilivu basi ni sauti ya moyo wake.

Ukweli: uliza kalamu ni ya nani. Wimbo wa Com açúcar, com afeto wa 1967 kaandika mwanaume, Chico Buarque, ila tusimwonee, mwimbaji wa kike Nara Leão mwenyewe ndo alimwomba wimbo wa mwanamke anayeteseka. Mke kapika kitu kitamu anachokipenda mume ili asitoke, mume anaaga eti anaenda kutafuta riziki, njiani kuna baa, anarudi usiku kachoka, na mke badala ya kununa anampashia chakula na kumfungulia mikono. Mwaka 2022 Chico akasema haimbi tena, kwamba wanaharakati wa haki za wanawake wako sahihi.

Dhana: sofrência ni kukubali kuonewa.

Ukweli: hapa ndo watu wanamkosea sana mwimbaji Marília Mendonça, aliyefariki kwa ajali ya ndege 2021 akiwa na miaka 26 tu. Infiel (msaliti), wimbo uliompaisha 2016, unalia kweli, lakini mume msaliti anafukuzwa akaishi motel, na motel kule sio hoteli ya wasafiri, ni zile gesti za masaa, alafu yule mchepuko anakabidhiwa zawadi yake, yaani huyo huyo mume, na anaambiwa kabisa kwamba haina thamani yoyote.