Kusoma ugavi si kusomea stoo

Wengi bado wanaamini kwamba anayesoma ununuzi na ugavi chuoni anaandaliwa kushika funguo za stoo na kuhesabu magunia. Stoo imo, na si ya kudharau, lakini ni kipande tu. Pale CBE (Chuo cha Elimu ya Biashara) au TIA (Taasisi ya Uhasibu Tanzania), mwanafunzi hukutana na zabuni, mikataba, usafirishaji na hesabu za kujua lini uagize mzigo na kiasi gani. Ukichelewa, dawa zinaisha hospitalini. Ukizidisha, zinapitwa na muda kabatini. Zabuni za serikali sasa hupitia NeST, mfumo wa ununuzi wa umma wa mtandaoni, kwa hiyo kompyuta haikwepeki. Tena cheti cha chuo pekee hakitoshi: kuna PSPTB, Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, iliyoundwa kwa sheria ya 2007, inayowatahini na kuwasajili wataalamu.